Bastola ya mtumba wa jeshi kama bastola ya kwanza: inalipa au ni mapenzi tu?

Mtu akishamaliza habari za leseni na mafunzo, swali linalofuata huwa ni lile lile, anunue nini. Na hapo kuna watu wa aina mbili, wa kwanza watamwambia achukue ya kisasa mpya toka kwenye boksi aachane na mambo mengi, wa pili watamwambia usipoteze hela, kuna Makarov na Tokarev za Warusi na CZ za Wacheki zilizostaafu jeshini, ni chuma tupu, zina historia na kwa kawaida bei yake haiumi sana. Mi nimeshakuwa kwenye makundi yote mawili kwa nyakati tofauti, na kiukweli kila kundi lina hoja, ila naona wote wanaruka kitu kimoja cha msingi: hizi bastola zilitengenezwa kwa kazi gani hasa?

Jeshini bastola sio silaha ya mapigano, silaha ni bunduki. Bastola anapewa ofisa, dereva, askari wa kifaru, rubani, mtu ambaye mikono yake ina kazi nyingine na ile kitu inakaa kiunoni siku nzima miaka nenda rudi. Inabebwa sana inapigwa kidogo. Ukiishika hiyo sentensi kichwani utaelewa karibu kila uzuri na kila ubaya wa bastola za mtumba wa jeshi.

Tuanze na uzuri. Kwa sababu ilibebwa tu, mara nyingi unakuta rangi imekwanguka yote pembeni kwa kusuguana na kifuko cha ngozi, ukiiangalia unaona kama imetoka kuzimu, afu ukimulika ndani ya mtutu unakuta unang'aa na mifereji imekaa vizuri kabisa. Mtu asiyejua anaikimbia, anayejua anaichukua. Makarov ndo mfano mzuri, Warusi waliipitisha mwaka 1951, ina uzito wa gramu kama 730 hivi bila risasi, mtutu umefungwa kwenye bodi hautikisiki, ndo maana inapiga vizuri kuliko sura yake inavyoonyesha. Kuifungua hauhitaji hata bisibisi, unavuta kile kilinda triga kwenda chini, unarudisha slaidi (ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele) nyuma na kuinyanyua, basi. Vitu vya ndani ni vichache na vinene, vimetengenezwa vikijua kwamba atakayevisafisha ni askari mchovu mwenye baridi. Kwa mtu anayejifunza hiyo ni shule nzuri, ukifungua Makarov mara tatu unaelewa bastola inafanyaje kazi, unaona kabisa hii inasukuma hii, hii inashika hii.

Sasa upande wa pili wa ile ile sentensi. Kwa sababu haikutegemewa kupigwa sana, aliyeichora hakuhangaika sana na raha ya mpigaji. Vilengeo vya hizi bastola nyingi ni vidogo mno, kale kanundu ka mbele unakatafuta kama sindano kwenye mchanga. Na triga ndo balaa lenyewe. P-64 ya Wapoland, ile kuvuta risasi ya kwanza nyundo ikiwa chini, ni ngumu mpaka mtu anaanza kutumia vidole viwili kwa utani. Nagant ya mwaka 1895, ile rivolva ya risasi saba, yenyewe ina ufundi wa ajabu, silinda inasogea mbele kuziba ule mwanya kati yake na mtutu ili gesi isivuje, kitu kizuri sana kukisimulia, ila kazi yote hiyo ya kulisogeza silinda inafanywa na kidole chako. Nilimwona jamaa mmoja uwanjani na Nagant yake mpya, yaani mpya kwake, kila akivuta mdomo wa bastola unashuka chini kushoto, alipiga ardhi zaidi ya alivyopiga karatasi. Tukampa bastola nyingine ya kawaida akaanza kugusa katikati, kumbe mkono hauna shida.

Na hapo kwangu ndo kiini cha ubishi wote. Bastola ya kwanza inatakiwa iwe mkweli kwako. Ukikosa shabaha ujue umekosa wewe, sio triga, sio springi ya mwaka 1958, sio kilengeo ambacho mtu alishakigonga na nyundo huko kambini. Mpigaji mzoefu akipewa bastola mbovu anajua ni mbovu. Anayeanza hajui, anajilaumu au anailaumu bure, na mbaya zaidi anaanza kujizoesha vitu vya kufidia ubovu, anavuta kwa kushtuka, anabana macho, na hizo tabia zikishaingia kuzitoa ni kazi.

Kuna watu watasema mbona babu zetu walijifunzia hizo hizo. Sawa, ila walijifunza na mwalimu pembeni anayepiga kelele, na risasi za serikali. We unalipia zako.

Suala la usalama halitaki utani kabisa. Tokarev ya TT-33 ilitoka kiwandani haina sefti ya mkono, yaani kile kitufe cha kuizuia isipige, ina ile nusu ya nyundo tu, unairudisha nyundo kidogo inashika, basi ndo sefti yenyewe. Zile zinazoingizwa Marekani huwa zimeongezewa sefti baadaye ili zipite sheria yao ya kuingiza silaha, na sefti ya kubandikwa sio sawa na iliyozaliwa na bastola. CZ 52 nayo ina kile kitu cha kushusha nyundo bila kupiga, ni wazo zuri, lakini zikichakaa kuna ambazo ukishusha zinapiga kweli, kwa hiyo wenye nazo wanaambiana usiguse hiyo kitu risasi ikiwa chemba, yaani ikiwa imeshaingia nyuma ya mtutu tayari kupigwa. Fikiria unampa mtu anayeanza silaha ambayo maelekezo yake ya kwanza ni usitumie kile kilichowekwa kwa ajili ya usalama wako! Halafu nyingi za zamani hazina kizuizi cha pini, ile inayogonga risasi, yaani ikidondoka kwa pembe mbaya na risasi ipo chemba kuna uwezekano pini ikasogea yenyewe. Za kisasa karibu zote zina hicho kizuizi ndani, Glock kwa mfano, ambayo jeshi la Austria liliipitisha mwaka 1982, pini imezuiwa mpaka uvute triga.

Jambo jingine ambalo watu hawalifikirii ni kwamba mkono unakariri. Makarov sefti ikiwa juu ndo imefungwa, Walther P38 ya Wajerumani na mdogo wake P1 sefti ikiwa chini ndo imefungwa. Ukijifunzia moja ukaja kuhamia nyingine, siku ya haraka kidole kitaenda kule kilikozoea. Browning Hi-Power nyingi hazipigi kama magazini imetolewa, mtu akizoea hivyo ataamini kutoa magazini ni kutoa hatari, siku akishika bastola nyingine yenye risasi iliyobaki chemba mtasikia mlio. Sisemi Hi-Power ni mbaya, ni moja ya bastola nzuri sana kuwahi kutengenezwa, risasi kumi na tatu tangu mwaka 1935. Nasema somo la kwanza linabaki mkononi muda mrefu.

Hela nayo. Wanaotetea mtumba wanaanzia hapa na ndo hapa nadhani wanakosea hesabu. Bastola unanunua mara moja, risasi unanunua maisha yako yote. Risasi ya 9x19 (upana milimita 9, ganda urefu milimita 19) imekuwepo tangu mwaka 1902, majeshi na polisi wa dunia nzima wanaitumia, kwa hiyo inapatikana kirahisi kuliko ndugu zake karibu zote za bastola. Ya Makarov ni 9x18, na usidanganywe na hiyo tisa, kichwa chake ni kipana zaidi kidogo, milimita 9.27, haziingiliani kabisa na wala usijaribu. Ya Tokarev ni 7.62x25, inakimbia zaidi ya mita 400 kwa sekunde na mlio wake unawageuza watu wote uwanjani, ni raha kweli kwa dakika kumi. Sasa chukua risasi elfu moja, ambazo kwa anayejifunza kwa bidii sio nyingi, linganisha bei za aina hizo tatu hapo ulipo, afu urudi uniambie ile tofauti uliyookoa kwenye bastola bado ipo au imeshaliwa.

Na zile risasi za zamani za jeshi zinazouzwa kwa rahisi nyingi zina praima (kile kiwashio cha kitako cha risasi) inayoacha chumvi kwenye mtutu, na chumvi inavuta unyevu, ukilala bila kuisafisha unaamka na kutu. Mafuta peke yake hayaitoi maana chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, inatakiwa maji ya moto kwanza, ukaushe vizuri, ndo upake mafuta. Sio kazi ngumu ila lazima uifanye siku hiyo hiyo, na anayeanza ndo mtu wa kusema nitasafisha kesho.

Vipuri inategemea na jina. Makarov na jamii ya CZ bado unapata springi na magazini bila kuzunguka sana. Star za Hispania, zile BM zinazofanana na 1911, bastola ya zamani ya jeshi la Marekani, ila zinakula 9x19, ni bastola tamu mkononi kwa kweli, lakini kiwanda kilifungwa mwaka 1997, kikivunjika kitu unakuwa mwindaji wa vipuri badala ya mpiga shabaha.

Kwa hiyo nakataa zote? Hapana bana. CZ 82 ningempa mtu anayeanza bila kusita sana kama 9x18 inapatikana kwake, risasi kumi na mbili, sefti na kitufe cha magazini vinafikika kwa mkono wa kulia na wa kushoto, triga nzuri, ilichorwa na mtu aliyefikiria mpigaji. Njia ya katikati ambayo watu wanaisahau ni zile zilizostaafu polisi badala ya jeshini, kama SIG P6 ya polisi wa Ujerumani Magharibi, 9x19, ina kizuizi cha pini, na yenyewe pia ilibebwa sana ikapigwa kidogo. Hapo unapata faida ya mtumba bila yale mateso. Halafu tusidanganyane kwamba mtumba siku zote ni rahisi, Marekani walipoanza kuuza 1911 za jeshi lao kwa raia kupitia CMP, mpango wao wa kukuza ulengaji shabaha wa raia, mwaka 2018 watu walituma maombi kwa posta na foleni ikapangwa kwa bahati nasibu. Hiyo ni bei ya historia, sio ya bastola, na kama unanunua historia sawa, ila jiambie ukweli mwenyewe kabla ya kulipa.

Kama moyo umeshaamua Makarov, na najua wengi mmeshaamua kabla hata ya kusoma hapa, badilisha springi ya slaidi kwanza, ni kitu kidogo. Angalia namba za slaidi na bodi kama zinalingana, chunguza mdomo wa mtutu kama haujagongwa, mpe fundi silaha aipitie. Na ile grisi nene ya kuhifadhia usiifute juu juu tu, huwa inaganda mpaka kwenye tundu la pini, na pini ikigandia mbele bastola inaweza kupiga yenyewe slaidi inapofunga. Toa pini, osha tundu lake, irudishe afu tikisa slaidi karibu na sikio. Usiposikia pini ikicheza mle ndani, rudia kuosha, risasi zikae kwanza kwenye boksi lake.