Namba 12 kwenye skrini ya daktari

Mwaka 2017, hospitali za Yale, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, zilibadilisha kitu kidogo kwenye mfumo wao wa kompyuta. Daktari aliyemwandikia mgonjwa wa upasuaji dawa za maumivu za jamii ya afyuni alikuwa akikuta namba 30 imeshajazwa kwenye nafasi ya vidonge. Ikawekwa 12, na kila daktari alikuwa huru kuibadili. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kiwango cha kati kimeshuka kutoka vidonge 30 hadi 20, na maombi ya kuongezewa dawa hayakupanda.

Kinachonishtua mimi ni ile 30. Haikutoka kwenye maumivu ya mgonjwa yeyote. Ilikuwa pale, na mkono wa daktari ukaifuata. Vidonge vilivyobaki vikaingia kabatini nyumbani, katika nchi ambayo dawa hizo zimeua maelfu kwa maelfu. Kompyuta ilikuwa inaamua tangu zamani, ila bila kufikiriwa.

Wanaopinga kompyuta kumshauri daktari kuhusu dawa za maumivu wana hoja. Maumivu hayapimwi kama presha. Tunamwomba mgonjwa ataje namba, 0 hadi 10, na tunamwamini. Mfumo unajua umri wake, uzito wake na hali ya figo zake, lakini haumwoni anavyouma meno akigeuzwa kitandani. Tena tahadhari zikijaa kwenye skrini, muuguzi aliyechoka huzifunga bila kuzisoma, pamoja na ile ya dawa inayoweza kupunguza pumzi ya mgonjwa.

Lakini "mwachieni daktari" si jibu salama. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia wa 2016 ulikuta karibu nusu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari mafunzoni weupe waliohojiwa wakiamini uongo fulani kuhusu miili ya watu weusi, kwa mfano kwamba ngozi yao ni nene zaidi. Walioamini hivyo waliyakadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo.

Kwa hiyo naunga mkono mfumo unaotaja sababu ya ushauri wake na kumkumbusha muuguzi arudi kuuliza baada ya dawa. Alama ya siri ambayo kompyuta humpa mgonjwa ikimkadiria kuwa mraibu mtarajiwa wa dawa hizo, naikataa. Na hata hesabu ya Yale ina pengo: anayeuma meno nyumbani bila kupiga simu kuomba dawa zaidi haonekani ndani yake.