Bilioni Mbili Ndani ya Bajia

Mama muuza bajia wa barabara ya 12, Ngamiani, Tanga, hafungii bidhaa yake kwenye gazeti. Anasema wino wa gazeti unaharibu pilipili. Yeye hununua madaftari yaliyokwisha, na karatasi yoyote iliyoandikwa upande mmoja kwake ni mali. Shangazi yangu, ninayekaa kwake, ni mmoja wa wanaompelekea, na hulipwa kwa kachori. Karatasi yangu ilipita njia hiyo.

Kuna vijana fulani wa Dar wanaotaka kutengeneza gemu ya majahazi, iuzwe kwa kupakuliwa kwenye mashine za gemu za PlayStation, Xbox na Switch, bila diski. Kabla hawajaenda kukopa, wakaniomba nitafute gemu ya kigeni inayofanana na yao, niwakadirie imeuza nakala ngapi na imeacha faida gani. Kazi yenyewe ni ya kunusa. Gemu ya kupakuliwa haina bohari ya kuchungulia wala maboksi ya kuhesabu, na wenye maduka ya mtandaoni, yaani Sony, Microsoft na Nintendo, hawana desturi ya kutangaza mauzo ya gemu ya kila mtu. Basi wajanja wakabuni njia zao. Enzi za Xbox 360 walikuwa wakifungua jedwali la alama la gemu, wanateremka, wanateremka, mpaka kwa mchezaji wa mwisho kabisa. Akiwa ni wa 41,000, basi walau watu 41,000 wameicheza. Halafu mwaka 2018 Sony wakatoa kivideo cha kumwonyesha mchezaji maisha yake ya uchezaji, na ndani yake ikatajwa idadi ya watu waliopata lile kombe lake, yaani tuzo ya kutimiza jambo ndani ya gemu, lililo adimu kuliko yote. Asilimia ya waliopata kombe hilo ilikuwa wazi siku zote. Sasa, kama watu 500 ndio asilimia 0.5 ya wachezaji, wachezaji wote ni 100,000. Hiyo niliipenda sana. Siri ya kampuni nzima ya Japani inafichuka kwa hesabu ya darasa la sita!

Mimi nikashika njia ya jedwali. Wa mwisho alikuwa wa 41,000 na ushee. Nikaongeza wale wanaocheza bila kuunganisha intaneti, nikaandika nakala 60,000. Mara dola 15, ni dola 900,000. Nikaishika dola kwa shilingi 2,500, ikaja bilioni mbili na robo. Nikaipigia mistari miwili chini, kwa raha tu, kisha nikachukua karatasi nyingine kwa ajili ya makato. Ya makato nikaitia mfukoni. Ya mapato ikaenda kwenye bajia.

Aliyeipata ni kijana wa bodaboda, na bajia zake za mia tano. Akala, akasoma. Juu imeandikwa GEMU, katikati MAUZO, chini 2,250,000,000/=. Mtu anayebeti kila Jumamosi akiona gemu na bilioni kwenye karatasi moja, akili yake itakwenda wapi? Akamuuliza mama karatasi imetoka kwa nani. Akaambiwa.

Nilianza kuhisi jambo nilipokwenda dukani kuchukua sukari kwa deni. Mwenye duka hakufungua daftari. "Chukua tu, mgosi, tutazungumza," akasema, na akaniongezea mche wa sabuni. Huyu ni mtu ambaye akipima chumvi anazuia pumzi isije ikaongeza uzito.

Kutoka pale nikashikwa bega na shabiki wa Coastal Union. Wagosi wa Kaya wana mechi Dar, wanataka basi moja tu la mashabiki. "Tangu 1988 hatujachukua ubingwa, mgosi, na wewe unaona," akaniambia, kana kwamba ni mimi niliyekuwa nimeuficha. Mbele kidogo, mama mmoja aliyenikatalia binti yake kwa hoja kwamba kukodolea kompyuta si kazi, akanisalimia kwa jina langu, la baba na la babu, kisha akauliza mbona sionekani kwao.

Nyumbani shangazi alikuwa barazani, kanga imefungwa kiunoni.

"Bilioni mbili," akasema, "na mimi nanunua mkaa wa kopo."

"Shangazi, si zangu."

"Mwandiko wa nani?"

"Wangu. Lakini ni pesa za gemu."

"Astaghfirullah! Kumbe kweli unabeti."

Baada ya Isha nikaitwa dukani. Baraza limejaa, watoto wamekaa mpaka juu ya magunia ya mkaa, na mimi nimetengewa kiti cha plastiki chenye mgongo mzima, heshima ambayo sijawahi kuipata mtaa ule. Karatasi ilikuwa kwa nahodha mmoja mstaafu wa Deep Sea, kule kwa wavuvi, imelowa mafuta mpaka taa ya duka inapenya.

"Mwanangu," akaanza, "hatukuombi kitu. Tunataka kujua tu umejipangaje."

Kukana kusingesaidia. Tanga mtu akikana pesa ndiyo kwanza zinaaminika. Nikatoa karatasi ya pili.

"Wazee wangu, hizo ni pesa za watu wengine, tena hawakuzipata. Kwanza, si wote walionunua kwa dola 15. Wengi husubiri punguzo. Tuseme wastani ni dola 9." Laki tisa ikashuka hadi 540,000. Watu wakaguna. "Pili, bei ya Ulaya ina kodi ndani yake. Uingereza asilimia 20, Ujerumani 19. Tutoe 40,000." Zikabaki 500,000. "Tatu, mwenye duka la mtandaoni anakata asilimia 30."

"Thelathini!" Mwenye duka aliinuka nyuma ya mizani. "Kwa kazi gani?"

"Gemu imekaa dukani kwake."

"Imekaa tu?"

"Imekaa tu."

Akarudi kukaa taratibu, macho kwenye rafu zake.

Zikabaki 350,000. Nikafika kwa mchapishaji, yule aliyetoa mtaji na kuitangaza gemu, naye anachukua nusu. Hapo nahodha alinisaidia kuliko nilivyojisaidia mwenyewe. "Huyo ni mwenye chombo," akawaambia wenzake. "Ana fungu la chombo, ana fungu la nyavu. Mafuta yake harudishiwi kwanza, kabla ya kugawa?"

"Mara nyingi hurudishiwa."

"Basi hata hiyo nusu hawaioni, mwanangu. Unawadanganya."

Nilikuwa sijaiandika hivyo, lakini tukaiacha nusu kwa huruma: 175,000. Waliotengeneza nikawakadiria watu wanne kwa miaka miwili, kila mmoja dola 2,000 kwa mwezi, ambazo huko kwao ni za kujibana. Jumla 192,000. Mwalimu mmoja mstaafu akapiga hesabu hewani kwa kidole: hasara ya dola 17,000. Kwa shilingi, milioni 42 na nusu. Na hapo sijagusa mashine maalumu za kujaribia gemu, wala gharama za kuitafsiri.

Mama muuza bajia ndiye aliyezidi kuniharibia. "Hao elfu sitini wote wamelipa, au wengine wameonjeshwa?"

Swali la maana, maana PlayStation Plus na Game Pass huwapa watu gemu kwa ada ya uanachama. Mtu wa namna hiyo anaonekana kwenye jedwali kama mchezaji, lakini hakuinunua. Kabla sijamaliza kumjibu, kijana wa kibanda cha gemu akadakia kwamba kwake mashine ni moja, gemu ni moja, na kila mtoto wa barabara ya 12 mpaka ya 15 amefungua akaunti yake. Nikatoa kalamu, nikazishusha nakala mpaka elfu arobaini, hasara ikapanda, na baraza zima likanyamaza kama limeletewa habari ya msiba.

"Watu wanne," shangazi akasema hatimaye. "Miaka miwili. Wana mama zao?"

"Bila shaka wanao."

"Masikini ya Mungu!"

Nahodha akavua kofia yake ya kiua, akatia shilingi elfu mbili, akampa aliye karibu. Nikaeleza kwamba watu wenyewe siwajui, wako ng'ambo, na hata jina la mmoja wao sijui kulitamka. Shangazi akaniambia mzungu naye ana tumbo, ninyamaze. Kofia ikazunguka. Kijana wa bodaboda alitoa pesa ya mkeka wa Jumamosi. Yule shabiki wa Coastal naye alichangia, akahuzunika kwamba basi lenyewe ndiyo limeshakwenda.

Kofia ikaishia kwa mwenye duka, kwa kuwa ndiye mwenye meza. Akahesabu kwa kulamba kidole: shilingi elfu arobaini. Akatenga elfu kumi na mbili, akazitia kwenye mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo.

"Hizo za nini?" nahodha akauliza.

"Mchango umekaa dukani kwangu," akasema. Kisha akachomoa noti nyingine mbili. "Na hizi ni za sukari na sabuni ya huyu."