Mkwaruzo mmoja tu, jamani

Mi nina kagari kangu Toyota IST ya 2004, silva, ile ambayo ukipaki Kariakoo ukirudi unakuta ziko sita zimefanana inabidi ubonyeze rimoti ndo uijue ya kwako inayopiga kelele. Sijasema ni gari la maana. Ila ushuru wake nililipa mpaka friji ikaondoka nyumbani, kwa hiyo mtu akiligusa kanigusa mimi.

Sasa juzi juzi naingia sheli pale Buguruni kujaza upepo, nazunguka tairi moja moja, kufika nyuma kushoto naona mlango umechanwa. Mstari kama urefu wa kiganja, umenyooka kabisa, na ndani yake kuna ukijani ukijani hivi, nikajua tu uchafu. Na pembeni hapo hapo kuna dogo wa boda kaegesha, pedeli yake imetazama mlango wangu. Ushahidi gani mwingine nautaka?

Nikamshika. Dogo anaapa, "Mzee wangu mi sijakugusa, haki ya Mungu, nimekukuta hivyo hivyo." Wenzake wakaanza kusogea, na nyie mnawajua boda wakishafika kumi wewe mwenye gari ndo unageuka mtuhumiwa. Bahati trafiki akatokea ng'ambo ya barabara, na dogo leseni ameisahau nyumbani (wote wanazisahau nyumbani, sijui huko nyumbani zinafanya nini), akanipa elfu kumi mkononi haraka kama anatoa fitri, akawasha, huyoo. Nikaondoka kifua mbele.

Mtaani kwetu Tabata kila mtu ni fundi. Jirani akaniambia usipeleke hela gereji, paka dawa ya meno. Na kweli ile dawa ina vichanga laini, inasugua, mkwaruzo mdogo wa juu juu unaweza kufifia. Mi nikasugua Jumatatu, nikasugua Jumanne, mpaka Alhamisi nimemaliza tyubu la familia nzima, watoto wanaenda shule wamesukutua na chumvi, gari linanuka minti, mkwaruzo upo pale pale ila sasa umezungukwa na duara linalong'aa kama kipara.

Nikakubali yaishe, nikaenda kwa fundi rangi, gereji ya chini ya mwembe. Kijana hakuuliza kitu, akapitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukanasa. Akaguna, ile guno ya daktari anayekwambia njoo na ndugu.

"Bosi, hapa chini kuna praima, juu yake rangi, halafu juu kabisa kliya, ile ya kung'aa isiyo na rangi. Ukucha ungepita bila kukwama ningekupigia msasa wa maji namba 2000, kompaundi, nakufutia unaenda zako. Huu umezama. Na hiyo kliya ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani, we umeisugua mara ngapi?"

Nikasema mara moja.

Akaangalia lile duara, akaniangalia mimi.

Akaniuliza tena, "Na huu ukijani umegongana na nini?" Nikamwambia boda. "Boda ya kijani?" Nikamwambia nyekundu. Akanyamaza akaenda kutafuta msasa. Nilimpenda kwa hilo.

Kumbe katika rangi zote silva ndo ina makusudi. Ndani yake mna chenga ndogo ndogo za alumini, ukipulizia kwa karibu zinalala hivi, ukipulizia kwa mbali zinalala vile, mwanga ukipiga unaona rangi mbili. Mi nikajifanya mjanja, nikamuonyesha kibati cha chasisi, namba ya rangi si hiyo hapo, wakachanganye hiyo tumalize. Akacheka. "Bosi, hiyo namba ni ya siku gari linatoka kiwandani Japani. Lako limeanikwa jua la Dar miaka mingapi?" Kwa hiyo ikabidi apulizie mlango mzima halafu aisogeze rangi kidogo kidogo mpaka ubavu wa nyuma ili jicho lisione pa kuanzia. Elfu 80. Nikamwambia elfu 60, ubavu uache. Akasema utaona tofauti, nikamwambia mi macho yangu mabovu.

Kazi ya siku mbili ikala siku tisa. Leo umeme hamna kompresa haiwaki, kesho wingu limetanda, kliya ikipulizwa kwenye unyevu inaota ukungu kama miwani ya mla ugali wa moto, keshokutwa fundi ana msiba, na msiba wenyewe nilimuona nao baani. Siku ya kumi nikakabidhiwa gari. Mlango mmoja mpya, mitatu ya zamani. Limekaa kama mtu aliyepaka losheni mguu mmoja. Halafu ukisogea karibu na kitasa, ndani ya kliya kabisa kuna mbu. Mzima, mabawa kayatandaza, kahifadhiwa vizuri kuliko vyeti vyangu. Namuuliza fundi, ananiambia huyo akitolewa tunaanza upya.

Nikarudi nyumbani usiku. Kwa vile gari lilikuwa linanuka thina nikateremsha vioo vyote na redio nikazima, kichwa kinauma. Siku zote mi huingia getini kioo kimepanda na taarabu iko juu. Nasra akafungua geti, nikaingia taratibu kama kawaida yangu, nimebana kushoto ili nisigonge ndoo za mama yake kulia.

Krrrrrrr.

Nikashuka na tochi ya simu. Komeo la geti. Lile lile ambalo mama Nasra tangu mfungo anasema, "Baba Nasra, hilo komeo limepinda kwa nje, likunje kabla halijamtoa mtoto jicho." Geti letu la kijani. Nchani mwa komeo kuna silva, ya zamani imekauka, na juu yake silva mpya mbichi, tofauti kweli inaonekana, fundi hakusema uongo.

Mama Nasra kasimama mlangoni, kafunga mikono, haongei. Afadhali angeongea.

Mkwaruzo umepita chini ya mbu, yeye hakuguswa.

Komeo nimelipiga nyundo usiku ule ule, dakika mbili kazi imeisha. Elfu kumi ya watu bado ninayo. Kila asubuhi nikikatiza Buguruni natafuta boda nyekundu kwenye foleni, na nikiiona tu inakuja, napandisha kioo.