Nywele za mahindi: kabla hujachemsha, uliza zimetoka shamba gani

Msimu wa mahindi mabichi ukifika huku Mbeya magrupu ya WhatsApp yanajaa meseji za nywele za mahindi, eti chemsha unywe, zinatoa U.T.I, mawe ya figo, presha, sukari, kitambi, yaani bado tu kulipa ada ya shule. Jamani.

Mi chai yenyewe siipingi. Watu wanaichemsha tangu zamani, Wachina na Wamexico nao wanayo, ina utamutamu fulani wa hindi la kuchemsha na kweli inakojoza. Ila kukojoa sana na kupona figo ni vitu viwili tofauti, ukiwa na homa na kiuno kinauma nenda ukapime, na kama unameza vidonge vya presha au sukari ongea na daktari kwanza.

Kinachoniudhi zaidi ni watu kukwanyua nywele zikiwa changa. Chukua hindi bichi ulimenye taratibu, utaona kila unywele umeshikana na punje yake, mmoja punje moja. Ule unga wa njano unaodondoka kutoka kwenye mbelewele, yale maua ya juu kabisa ya mhindi, lazima utue kwenye unywele ndo punje ijae, sasa wewe ukizing'oa mapema umeshakula ugali wako. Hata jua likipiga vibaya wakati mahindi yanatoa nywele unavuna magunzi yana mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza, na mbolea uliweka yote. Subiri zigeuke kahawia, hapo kazi yake imeisha.

Halafu sumu. Hii watu hawaisemi kabisa. Tangu viwavijeshi vamizi viingie nchini 2017 tunapuliza dawa kwelikweli, na yule kiwavi anapenda kula nywele na kuingilia hapohapo nchani kwa hindi, kwa hiyo dawa nayo inapigwa hapohapo. Punje zimefunikwa na maganda, nywele ziko nje. Ukichoma hindi unazitupa, ukipika chai unazinywa, na wengine wanaokota zile zilizozagaa chini kwa wachoma mahindi barabarani, Uyole mpaka Makambako huko, bila hata kuuliza!

Zangu natoa kwenye vimistari vya nyuma ya nyumba ambako sipulizi, naanika kivulini, basi. Wewe unayenunua za kwenye kifuko muulize muuzaji zimetoka shamba gani na lilipuliziwa lini, akianza kukutajia magonjwa badala ya shamba, mwachie mzigo wake.