Ndege wa Baharini na Zamu za Malezi

Jioni moja, kwenye ukuta wa bahari wa Mama Ngina, Mombasa, mzee mmoja mvuvi aliniambia: "Mwanangu, ndege wa baharini akioa ameoa." Anaijua bahari kuliko mimi, lakini naona sifa hiyo ya uaminifu inafunika jambo kubwa zaidi, nalo ni zamu.

Samaki wako mbali na hawana makao maalumu, ilhali yai haliwezi kuachwa juani wala mbele ya kunguru. Mmoja akienda kuvua, mwenzake hubaki. Jogoo wetu hana habari na vifaranga kwa sababu kifaranga hujidonolea mwenyewe tangu mwanzo. Kinda wa baharini husubiri kuletewa, na mzazi mmoja mara nyingi hawezi. Albatrosi mkubwa wa bahari za kusini hutaga yai moja, wazazi huliatamia kwa kupokezana wiki 11 hivi, kisha kinda hukaa kiotani miezi 9 au zaidi, kwa hiyo jozi inayofaulu huzaa kila baada ya miaka 2. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba baadhi ya makinda hao hawakuzaliwa na dume anayewalisha. Kwangu mimi hilo halipunguzi thamani ya malezi yake hata kidogo.

Hapa kwetu namstahi zaidi buabua (tern kwa Kiingereza). Wakati wa kuchumbiana dume huja na samaki mdomoni, akampa jike, akarudi tena na tena. Samaki hao ni mahari na mtihani kwa pamoja, maana humjenga jike anayekaribia kutaga na humwonyesha kama huyu ataweza kulisha watoto. Msimu wa kusi, kwenye visiwa vidogo vya Kiunga na kile kilicho mbele ya Watamu, hutaga yai moja au mawili chini, bila kiota cha maana. Anayeteremka pale kuokota mayai, au hata kutembea tu, huwarusha wazazi wote wawili kwa mara moja, na zamu inapovunjika jua na kunguru hawasubiri. Visiwa hivyo vingeachwa kabisa miezi hiyo michache. Sioni kitoweo kinachostahili hasara hiyo.

Kisha yuko ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa (crab-plover kwa Kiingereza), anayezaliana kwenye mashimo ya mchanga huko Uarabuni na pembezoni mwa Bahari ya Shamu. Joto la mchanga humsaidia kuatamia yai lake moja jeupe. Kaskazi inapovuma, maji yakitoka kwenye hori la Tudor, Mombasa, tazama nyuma ya mkubwa anayevunja kaa: mara nyingi yuko mdogo wa kijivu, aliyekwisha kuruka bahari nzima, na bado analialia apewe. Naye hupewa.