Tiba ya Jeni ya Konea: Ugomvi na Benki ya Macho Hauna Msingi

Tiba ya jeni ni kuingiza jeni kwenye seli ili kutibu ugonjwa. Wanaosema tiba hiyo kwa konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, haina nafasi Dar es Salaam, na kwamba fedha ziende kwanza kwenye benki ya macho inayohifadhi konea za watoaji, wana hoja nzito. Makovu mengi ya konea tunayoyaona yametokana na majeraha, vidonda vilivyocheleweshwa, trakoma na dawa za kienyeji zilizotiwa jichoni. Kovu la namna hiyo halina jeni mbovu ya kurekebishwa. Bei nayo inatisha: Luxturna, tiba ya jeni ya jicho iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ilitangazwa kwa dola 425,000 kwa jicho moja.

Ila Luxturna ni ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Retina hufikiwa chumba cha upasuaji, kwa kuondoa ute wa ndani ya jicho na kupitisha sindano chini ya retina. Konea iko mbele kabisa, unene wake kama nusu milimita, haina mishipa ya damu, na daktari anaiona yote.

Hata hivyo matone yenye jeni peke yake hayatoshi. Jicho hubeba machozi ya mikrolita 7 hivi, tone moja lina 30 hadi 50, kwa hiyo sehemu kubwa huishia shavuni. Kinachobaki hukutana na seli za juu zilizoshikana barabara, ambazo nazo hubanduka ndani ya siku 7 hadi 10 pamoja na jeni iliyoingizwa. Kijana wa Miami aliyeripotiwa mwaka 2024, mwenye ugonjwa wa kurithi wa ngozi kuchubuka, alianza kwa kuondolewa kovu kwa upasuaji, ndipo akapewa matone yenye COL7A1, jeni inayoharibika katika ugonjwa huo. Alikuwa akiona mkono ukipungwa tu, akafikia 20/25, karibu na uoni wa kawaida. Jeni hiyo ilibebwa na virusi vya hepesi kwa sababu AAV, virusi vidogo vinavyopendwa zaidi kubeba jeni, hubeba herufi 4,700 hivi za jeni, na COL7A1 inahitaji karibu mara mbili yake. CHST6, inayoharibika katika aina moja ya ukungu wa konea wa kurithi, ingeingia kwenye AAV bila shida, kwa sindano ya katikati ya konea.

Njia inayotuhusu zaidi ni ya tatu, baada ya matone na sindano, na ndiyo inayosahaulika: kuingiza jeni kwenye konea ya mtoaji kabla haijashonwa kwa mgonjwa. Utafiti wa dunia uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria konea moja kwa kila wahitaji 70. Ifikirie vizuri namba hiyo. Mwili ukiikataa konea moja, mgonjwa anarudi kwenye foleni, na wale 69 hawajasogea hata hatua. Kwenye jicho ambalo mishipa ya damu imeshaingia, kama lililoungua kwa kemikali, kukataliwa ni hatari ya kweli. Kwa hiyo kurefusha uhai wa kipandikizi ni sawa na kuongeza konea.

Ndani ya chupa ya kuhifadhia konea ya mtoaji, seli za upande wa ndani wa konea ziko wazi kwenye kimiminika. Hakuna sindano inayohitajika, dozi ni ndogo, na virusi visivyoingia huoshwa. Kwa kondoo, jeni ya IL-10, inayotuliza kinga ya mwili, iliyoingizwa hivi ilichelewesha mwili kukataa kipandikizi. Ilichelewesha tu, haikuzuia, na virusi vya adeno vilivyotumika havidumu kazini. Kosa la kuogopwa ni la joto: kwenye nyuzi 2 hadi 8 za friji, virusi hunata juu ya seli bila kumezwa. Konea lazima ipashwe hadi nyuzi 37 kwa saa kadhaa, kisha seli zihesabiwe upya, maana seli hizo hazizaliani, na benki nyingi hukataa konea yenye chini ya 2,000 kwa milimita ya mraba.

Kazi yote hiyo hufanyika benki ya macho. Anayedai fedha ziende kwanza kwenye benki, na mimi nakubaliana naye kabisa, anajenga chumba kilekile ambacho tiba hii itakihitaji. Aongeze kwenye orodha yake kabati la kupashia joto, hadubini ya kuhesabia seli na friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri yenye jenereta, ya kuhifadhia virusi vinavyobeba jeni.