Bweyale itaisha msaada ukiisha? Mimi naona tunaangalia pabaya

Tangu mwezi Mei 2025, WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilipowaondoa wakimbizi kama milioni moja hapa Uganda kwenye orodha ya chakula na pesa, kila ukikaa na watu hapa Bweyale, mji wetu wa wilaya ya Kiryandongo kwenye barabara ya Kampala kwenda Gulu, lazima mtu aseme mji umeisha. Wanasema ati huu mji ulijengwa na wakimbizi, wakimbizi wanakula msaada, sasa msaada umekatika basi maduka yatafungwa, nyumba za kupanga zitabaki tupu na tutarudi kuwa senta ndogo ya kandokando ya barabara, basi linasimama, abiria wananunua mihogo na nyama ya kuchoma, linaendelea Gulu. Wengine wanawabishia, wanasema msaada ulikuwa kidogo tu, huu mji unaishi kwa mahindi na kwa barabara, na mahindi hayajui habari ya WFP.

Wote wana ukweli wao lakini naona pia wote wanaruka kitu kimoja, nitakifikia. Kwanza tuseme ni nani wanaishi hapa, kwa sababu bila hiyo hoja zote zinaning'inia.

Wenyeji wa asili huku ni Wachope na Wanyoro. Halafu wakaja Walugbara na Waalur wakitafuta shamba, kwa sababu huku ardhi ilikuwa nyingi na watu wachache. Vita ya waasi wa Kony ilivyochacha kule kaskazini Waacholi na Walangi wakavuka mto Nile pale Karuma wakakaa huku, wengi hawakurudi hata baada ya amani kwani watoto wamezaliwa hapa na kule mashamba ya baba zao yana kesi. Mwaka 1990 serikali ikafungua kambi ya wakimbizi ya Kiryandongo, iko mlangoni pa mji kabisa, wa kwanza walikuwa watu waliokimbia kutoka Parajok kule Sudan (sasa ni Sudan Kusini), nao ni Waacholi, yaani walikuta ndugu wa lugha moja. Mwaka 2008 wakaja Wakenya baada ya fujo ya uchaguzi. Mwaka 2010 mlima uliporomoka Bududa kule mashariki na serikali ikaleta familia za Wagisu huku Panyadoli. Desemba 2013 Sudan Kusini ikawaka, Julai 2016 ikawaka tena, na tangu vita ya Sudan ianze Aprili 2023 wanakuja watu wa Khartoum wenyewe, watu wa mjini, mwalimu, muuza dawa, mtu ambaye maisha yake yote hajashika jembe.

Ndiyo maana sokoni hapa unasikia Kiluo, Kiarabu, Kinyoro, na Kiswahili katikati kinawaunganisha wote. Na ndiyo maana Bweyale imeipita Kiryandongo penyewe ambapo ofisi za wilaya ziko. Sheria yetu ya serikali za mitaa inasema mji uwe na watu zaidi ya 25,000 ndio upewe halmashauri yake, lakini ni miji mingi ya Uganda imepewa hilo jina kwa siasa, sisi watu wako kweli. Wengi wao ni watoto. Uganda nzima sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9 na karibu nusu hawajafika miaka 18, na huku kambini ni zaidi, ni akina mama na watoto, wanaume wengi wamebaki Juba au wamerudi huko kutafuta kazi.

Sasa turudi kwa wanaosema mji umeisha. Sio maneno ya ujinga. Mimi nimeona siku pesa ya wakimbizi inatoka duka la jumla linavyojaa, boda boda hazitoshi, mwenye salon anasuka mpaka usiku, na nimeona pia miezi ambapo haitoki, watu wanakopa unga kilo moja moja. Mgawo ulianza kukatwa tangu 2020, ukakatwa tena, 2023 wakagawa watu kwa makundi, huyu maskini sana, huyu maskini kidogo. Tena msaada sio chakula peke yake. Uganda ilikuwa na utaratibu kwamba sehemu kama asilimia 30 ya msaada wa wakimbizi iende kwa wenyeji, kwa hiyo visima, madarasa, kituo cha afya cha Panyadoli ambacho raia pia wanatibiwa, vyote vinategemea mfuko ule ule. Mashirika yakifunga ofisi ule mshahara wa dereva, wa nesi, wa mlinzi, unaondoka, na hao ndio walikuwa wanapanga nyumba nzuri na kulipa karo kwa wakati. Kwa hiyo mtu akisema mji utaumia anasema kweli, unaumia sasa hivi.

Lakini kuumia na kuisha ni vitu viwili. Ukihesabu msaada peke yake kama ndio pesa ya mkimbizi unasahau ile ya mume aliyeko Juba anayetuma kwa simu, unasahau familia za Sudan Kusini zinazopanga mjini kabisa, haziko kambini, zimekuja kwa ajili ya shule ya watoto. Hiyo pesa haipiti kwa shirika lolote. Na sheria ya wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, ndiyo maana mwenye mashine ya kushona ni mkimbizi, mwenye hoteli ya ful, yale maharage ya Kisudani, na chai ni mkimbizi, anayekodi shamba nje ya kambi ni mkimbizi. Mgawo ulipoanza kupungua hao hawakukaa kusubiri, walienda kwa raia kutafuta shamba la kulima.

Barabara nayo inasaidia ila isisifiwe sana. Magari mengi ya Gulu, Lira, Arua na mpaka wa Sudan Kusini pale Elegu yanapita hapa, sawa, lakini 2024 tulijifunza. Daraja la Karuma lilifungwa kwa matengenezo Septemba, mabasi na malori yakazungushwa njia nyingine, na mama wa mihogo barabarani akakaa na beseni yake imejaa. Na mwezi ule ule bwawa la Karuma, megawati 600, likazinduliwa rasmi, ndani ya wilaya yetu hii. Umeme umezaliwa kwetu na mahindi yetu bado yanaondoka kwenye gunia kama yalivyotoka shambani.

Hapo ndipo nabishana na wale wa upande wa pili, wanaosema mahindi yatatubeba. Mahindi ni mengi kweli, misimu miwili kwa mwaka, wakati wa mavuno malori ya Kenya na Sudan Kusini yanapanga foleni. Lakini tunauza punje, na tunauza mbichi, kwa sababu mkulima ana deni la karo na la hospitali hawezi kungoja. Yanaanikwa chini kwenye vumbi, mvua inanyesha juu yake, yanaingia gunia na unyevu mkubwa kuliko ile asilimia 13.5 ambayo soko la Afrika Mashariki linataka, na huo unyevu ndio ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini unapenda. Machi 2021 Kenya ikafunga mpaka kwa mahindi ya Uganda na Tanzania, 2023 malori yetu yakazuiliwa upande wa Sudan Kusini, sababu ni hiyo hiyo aflatoksini. Bei ikaanguka hapa kwetu na hakuna mkulima angeweza kufanya kitu. Mji unaotegemea zao moja ambalo mteja wake anaweza kulikataa asubuhi moja una shida sawa na mji unaotegemea shirika moja.

Watu wanasema basi nunueni mashine ya kukaushia, jengeni stoo nzuri, wekeni kinu kikubwa tuuze unga. Nakubali. Ila nani ataweka? Hapa ndipo tunafika kwenye ardhi, na ardhi ndicho kitu ambacho pande zote mbili zinaruka.

Mkimbizi kambini anapewa kiploti atumie, hawezi kuuza wala kukodisha kisheria, na waliokuja mapema walipata kikubwa, waliokuja baadaye wanabanana. Kwa hiyo analima kwa raia kwa msimu, makubaliano ya mdomo, pesa mkononi. Mwaka huu shamba likitoa vizuri mwenyewe anasema mwaka ujao nalima mimi, au anapandisha bei. Hakuna mtu atapanda miti, ataweka samadi, atachimba mfereji kwenye shamba ambalo hajui kama Februari atakuwepo. Lakini huyo raia naye wengi wao hawana karatasi yoyote, ni ardhi ya kimila au kipande cha ranchi ya zamani ya serikali ambayo watu waliingia wakakaa miaka mingi. Na zile ranchi tumeona, zikaenda kwa makampuni makubwa ya miwa, soya na mahindi, na kuanzia kama 2017 maelfu ya watu wakatolewa, nyumba zikavunjwa. Makampuni yanasema yameleta kazi na mashine, na ni kweli wameajiri vijana, mimi siwezi kukataa hilo. Lakini kibarua wa siku hajengi mji kama familia yenye ekari zake, hela yake inaisha jioni ile ile.

Kwa hiyo ukiniuliza kama Bweyale itaisha nitasema hapana, watu hawa hawana pa kwenda na wengi wao wanajua kazi. Ila itabaki maskini na yenye haraka, kila mtu anavuna upesi anauza upesi, mpaka shida ya ardhi ishikwe. Na kuna kitu ambacho hakihitaji bunge wala wafadhili: mikataba ya kukodi shamba ya miaka mitatu au minne, imeandikwa, LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, ameshuhudia, kamati ya wakimbizi imeshuhudia, kodi inajulikana mwanzo. Mwenye shamba anapata pesa ya uhakika na anajua mpangaji hatamnyang'anya, mpangaji anapata sababu ya kukausha mahindi yake vizuri na kuchanga na wenzake kwa stoo. Haitamsaidia aliyefukuzwa kwenye ranchi, kesi yake ni ya mahakamani na ni ya serikali, na inabidi tuendelee kuipigia kelele. Lakini kwa msimu unaokuja, watu watakapoanza kutafuta mashamba Januari, hilo viongozi wetu wa LC wanaweza kulifanya na kalamu na muhuri walio nao tayari.